Jina la Mgahawa Linapovuka Tunduma

Kwa mwenye mgahawa wa Mbeya, nchi ya nje haiko mbali. Tunduma ni mwendo wa kilometa mia na ushee, na ukivuka geti uko Nakonde, Zambia. Kwa upande wa Kyela kuna Kasumulu, na ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 800. Ndiyo maana habari ya miliki ubunifu, yaani haki za kisheria juu ya kazi za akili kama majina, maandishi na uvumbuzi, na mfumo wa fransaizi, yaani mwenye jina kumruhusu mtu mwingine afungue tawi kwa jina hilo, kwa menyu hiyo na kwa taratibu hizo, naye alipe ada ya kuanzia pamoja na mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, inawahusu watu wa huku mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Hapo pana mjadala: wapo wanaosisitiza kusajili jina kwanza, na wapo wanaoonya dhidi ya kumaliza mtaji mdogo kwenye makaratasi. Wanaosisitiza usajili wana hoja nzito. Katika fransaizi, majiko, viti na wafanyakazi ni vya mwendeshaji wa tawi. Anachouza mwenye chapa ni kitu kisichoshikika, na kama kitu hicho si chake kisheria, basi hana cha kuuza. Burger King, kampuni ya Marekani ya migahawa ya baga, walilipata somo hili Australia. Walipotaka kuingia huko walikuta jina hilo tayari limesajiliwa na duka moja la chakula la Adelaide, na mshirika wao akalazimika kufungua tawi la kwanza mjini Perth mwaka 1971 kwa jina la Hungry Jack's, ambalo linatumika Australia hadi leo. Wao walikuwa na uwezo wa kulijenga jina jipya kutoka mwanzo, uwezo ambao mgahawa wa Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, wenye matawi mawili hauna.

Haki ya alama ya biashara huishia mpakani. Cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kinalinda jina Tanzania Bara, wala hakifiki hata Zanzibar, ambako usajili wake ni mwingine. Muda wake wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayelenga Malawi anaweza kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lenye makao yake Harare, kwa kutumia Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, inayohusu alama za biashara. Zambia haimo katika itifaki hiyo, ingawa mkataba uliolizaa shirika lenyewe ulitiwa saini Lusaka mwaka 1976, kwa hiyo anayekwenda Nakonde hana budi kuomba usajili Zambia kwenyewe, kwa wakala wao uitwao PACRA. Tena aombe katika daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma, linalomhusu: huduma za mgahawa zimo daraja la 43, na pilipili ya chupa atakayoiuza kaunta imo daraja la 30.

Wapo watakaosema kwamba jina likishavuma linajilinda. Ni kweli, lakini kwa wakubwa. McDonald's walisajili alama zao Afrika Kusini mwaka 1968 wakakaa miaka mingi bila kuzitumia, hadi mfanyabiashara wa huko alipotaka kulichukua jina. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi kwa sababu alama yao ilikuwa inajulikana hata pasipo tawi. Umaarufu wa namna hiyo hauwezi kuthibitishwa kwa bango la bati lililoandikwa kwa brashi, hata kama foleni ya mchana inafika barabarani.

Hata hivyo, mimi naona mjadala huu unatumia muda mwingi mno kwenye jina na kidogo mno kwenye sufuria. Niliwahi kumuuliza mama mmoja mpishi wa Mwanjelwa, bingwa wa ndizi na samaki aina ya mbasa, anatia chumvi kiasi gani. Alinionesha kiganja, akasema, "Natia mpaka ikubali." Hapo ndipo fransaizi nyingi zingekwama kabla hazijafika kwa mwanasheria, kwa kuwa huwezi kumpa mtu wa Nakonde leseni ya kutia chumvi mpaka ikubali. Lazima kiganja kigeuzwe gramu, moto ugeuzwe dakika, na yote yaandikwe kwenye kitabu cha mwongozo ambacho mpishi mgeni anaweza kukifuata bila kumpigia simu mama huyu.

Tatizo ni kwamba maarifa hayo ndiyo ambayo sheria inayalinda kwa udhaifu zaidi. Hakimiliki inalinda maandishi ya mwongozo, hailindi ladha. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo mwaka 2018 katika kesi ya jibini la Uholanzi. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, nayo inadai jambo jipya, na ndizi kwa samaki si jipya kwa Mnyakyusa yeyote. Inabaki siri ya biashara, njia ambayo KFC hujivunia kwa viungo vyake 11. Siri hiyo hudumu kadiri watu wanaoijua wanavyofunga mdomo, na mpishi akihamia mgahawa wa jirani, kuithibitisha mahakamani ni kazi ngumu.

Kwa hiyo wanaoonya dhidi ya kutumia mtaji mdogo kwenye makaratasi wana haki nusu. Kusajili jina katika nchi tano ambazo hutafika ni anasa, na mwendeshaji wa tawi naye ana malalamiko yake: analipa mrabaha kila mwezi huku mbasa wakiadimika na mwenye chapa hajakanyaga jikoni kwake. Ila kusajili hapa nyumbani na katika nchi moja unayoiona kwa macho ni gharama ya biashara kama kununua jokofu.

Liko jambo moja la kuangalia wakati wa kuchagua jina lenyewe. Ethiopia ilipigania majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, hadi ikafikia makubaliano na Starbucks, kampuni ya Marekani ya mikahawa, mwaka 2007, na iliyapigania kwa niaba ya wakulima wake. Mchele wa Kyela nao una sifa iliyojengwa na maelfu ya wakulima, na mmiliki wa mgahawa akitaka kuifanya sifa hiyo chapa yake binafsi atakaribisha ugomvi na pingamizi. Neno Kyela aliache kwenye menyu, pembeni ya bei ya sahani. Kwenye bango aandike jina alilolibuni mwenyewe.