Mvutano haujaisha kule juu

Ndugu mwandishi, umesema kituo cha anga cha kimataifa, ISS, hakianguki kwa kuwa kilomita 400 juu hakuna mvutano wa dunia. Hapana. Mvutano kule bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa Mbeya. Kituo kinaanguka muda wote, ila kinakimbia pembeni kilomita 7.7 kwa sekunde (Mbeya hadi Iringa haifiki dakika!), hivyo ardhi inajipinda chini yake na hakiifikii. Ndiyo maana roketi haipandi wima tu: hulala, na mafuta mengi huishia kutafuta mwendo huo. Hewa kidogo iliyobaki kule hukikwamisha, kikashuka polepole, ndipo injini huwashwa kukiinua tena. Kikipita juu ya mlima wetu wa Loleza jua likishazama, kitazameni: nuru nyeupe iliyotulia, haiwakiwaki kama taa za ndege.