Fundo la mishipa kwenye kizazi: kuziba au kusubiri?

Mimba imeharibika, kizazi kimesafishwa, na wiki chache baadaye damu inatoka kwa mafuriko. Ultrasaundi ya Dopla inaonyesha rundo la nyekundu na bluu ndani ya ukuta wa kizazi, damu ikienda kasi kama mfereji usio na kizuizi. Tafsiri ya haraka: ateri imeungana na vena bila kapilari, vile vishipa vyembamba vya kupunguza kasi, katikati. Swali ni kama fundo hilo lizibwe.

Wanaotaka lizibwe wana hoja nzito. Kwa ganzi ya sehemu tu, daktari wa radiolojia hutoboa ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, hupitisha katheta, yaani mrija laini, isiyofika milimita 2 kwa unene, na kuiongoza kwa picha za eksirei na dawa ya ayodini inayoonyesha mishipa, hadi ateri ya kizazi. Ndani yake hupenyeza katheta nyingine, chini ya milimita 1, asogelee fundo. Kisha huenda upande wa pili, maana mara nyingi fundo hunywa kutoka pande zote mbili. Tumbo halipasuliwi, kizazi kinabaki, na wapo wanaoshika mimba baadaye.

Penye kazi hasa ni kitu cha kuzibia. Sponji ya jelatini huyeyuka baada ya wiki chache, na fundo la kweli, yaani muungano wa kudumu wa ateri na vena, linaweza kufunguka tena. Chembe ndogo kuliko tundu la muungano hupita hadi venani na kuishia mapafuni. Gundi iliyochanganywa na mafuta yenye ayodini hufika ndani kabisa, ila ikiwa nyepesi mno hukimbia na damu, na daktari akichelewa kuvuta katheta, katheta hunasa humo. Kosa linaloniudhi zaidi ni koili, waya mdogo uliojikunja, kwenye shina la ateri: fundo hujitafutia damu kwa njia za pembeni, nawe umejifungia mlango wa kurudi.

Wanaosubiri nao hawabahatishi. Picha ileile ya Dopla huweza pia kutokana na mabaki ya mimba: mishipa iliyotanuka kulisha kondo bado haijanywea, na mingi hunywea yenyewe kwa wiki au miezi. Ndiyo maana homoni ya mimba hupimwa kwanza. Ikiwa juu, huenda ni mabaki, au hata uvimbe wa kondo, wenye tiba yake. Mwanamke ambaye damu imetulia na hemoglobini haishuki, kumziba ni kumpa bure siku kadhaa za maumivu, homa na kichefuchefu, pamoja na mionzi kwenye ovari. Aliyekaribia kukoma hedhi anaweza hata kuikoma mapema.

Ila kusubiri kunamfaa aliye karibu na hospitali yenye damu ya kuongezwa, na anayerudi kupigwa Dopla. Kurudia kukwangua bila kuona ni hatari: kijiko kikigusa fundo la kweli, damu haishikiki.

Anayemwaga damu sasa hivi, mimi namziba, bila kungoja jina kamili la ugonjwa. Akiwa njiani, puto la katheta ya mkojo likijazwa maji kama mililita 30 ndani ya kizazi hukandamiza na kununua muda. Kuondoa kizazi nakuacha kwa anayezidi kudhoofu baada ya kuzibwa, au pasipo mashine ya kumziba. Damu ikirudi baada ya kuziba, kabla ya kushika kisu, piga picha ateri ya ovari: huenda ndiyo inayolisha.