Jicho halitoshi kwenye bureti

Aliyesoma kemia sekondari anaijua ile hali ya titresheni, yaani kudondoshea besi kwenye asidi mpaka zimalizane: fenolifthalini, kile kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha, tone moja limezidi, chupa imeiva waridi kama soda, na jirani wa meza ya pili anachungulia namba zako. Bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo la kudondoshea, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba tunawafunza vijana miaka minne kuamini rangi, halafu wanaajiriwa viwandani ambako sampuli nyingi zina rangi zake.

Chukua juisi ya ukwaju, ile nzito ya nyumbani, utafute ina asidi kiasi gani. Tone la fenolifthalini ndani ya ukahawia ule litakuonyesha nini? Wengi huongeza maji mpaka ipauke, na bado watu wawili hawakubaliani ni tone lipi lililobadilisha rangi. Rozela ndiyo balaa, maana rangi yake yenyewe inageuka kadiri asidi inavyopungua.

Sasa tumbukiza elektrodi ya pH, kijiti cha kupimia ukali wa asidi (pH ikiwa ndogo, asidi ni kali). Kinachopimwa ni volti tu: kwenye nyuzi 25, kila pH moja ni takriban milivolti 59. Unamimina sodiamu haidroksaidi, ndiyo besi yenyewe, namba inapanda kwa uvivu, 3.1, 3.3, 3.6, hadi unaanza kuchoka. Ikipita 6 inashtuka. Hapo unaacha kumimina na kuanza kuhesabu matone, kwa sababu kiasi ambacho mwanzo hakikuisogeza namba sasa kinairusha. Chora grafu: pale mstari unaposimama wima zaidi ndipo asidi na besi zimemalizana. Maabara za juisi hata hazihangaiki kuutafuta mwinuko huo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 750 kinasema simama kwenye pH 8.1, basi. Rangi ya juisi haiulizwi.

Na wala si teknolojia ya jana. Mwanakemia Robert Behrend alifanya titresheni ya namna hii kwa chumvi za zebaki huko Leipzig, na kuichapisha mwaka 1893. Wengine wameiondoa hata bureti. Kipimo alichobuni Karl Fischer mwaka 1935, cha kujua sampuli ina maji kiasi gani, leo kina aina ambayo iodini ya kumenyuka na maji hayo inazalishwa na umeme humo humo ndani ya chombo, na kila kulombu 10.71 za chaji ya umeme zikipita umepata miligramu moja ya maji. Mafuta ya transfoma hupimwa hivyo.

Nikisema haya huwa naambiwa vifaa ni ghali. Mita ndogo ya pH siyo ghali kiasi hicho. Kinachoziua ni matunzo. Elektrodi inaachwa ikauke kabatini likizo nzima wakati ilitakiwa kukaa kwenye myeyusho wa potasiamu kloridi, na mita inasahihishwa kwa bafa, yaani myeyusho wenye pH inayojulikana, iliyofunguliwa zamani, haijulikani lini. Mita ya namna hiyo inadanganya kwa desimali mbili, na watu wanaiamini kwa sababu ina kioo kinachowaka. Kama maabara haiwezi kutunza elektrodi, kwa kweli ibaki na fenolifthalini.

Kwa walio na uwezo, ningependa mtihani wa vitendo uwe na swali moja la grafu: juisi ya ukwaju, mita moja kwa kila kundi, na alama ziende kwa atakayepunguza matone mapema kabla mstari haujaruka.