Wiki Tumepewa, Ada Bado Tunadaiwa

Barua pepe mbili kutoka shule ya mwanangu ziliingia asubuhi moja. Ya kwanza ilipambwa kwa maputo na nyota: karibuni wazazi tusherehekee wiki ya shughuli za wanafunzi wa sekondari, yaani michezo, muziki, maigizo na midahalo, wiki ambayo hata Bunge kule Washington liliwahi kuitambua. Ya pili haikuwa na puto hata moja. Ilisema kijana hatakabidhiwa sare ya bendi mpaka ada ya kushiriki ilipwe yote.

Nikazisoma tena, nikidhani labda mtu wa ofisini ana utani. Hana.

Nimekaa hapa Columbus, Ohio, muda wa kutosha kujua kwamba Wamarekani wanapenda kutenga siku, wiki na miezi. Hili la shughuli za shule linasukumwa kila Oktoba na shirikisho la vyama vya michezo vya sekondari lenye makao yake Indianapolis, na siku hizi si wiki tu, wameshalivuta likawa mwezi mzima. Sawa. Lakini angalieni sheria za namna hii zinavyozaliwa. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya theluthi moja ya sheria zote zilizotoka Kongresi zilikuwa za kuadhimisha kitu fulani. Sharti lilikuwa kupata saini za wawakilishi 218, basi vijana wa ofisini wakawa wanapita mlango kwa mlango kuzitafuta, kama kamati ya harusi na kadi za michango. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilichoka lenyewe, likapiga marufuku miswada hiyo. Seneti wanaendelea na maazimio yao yasiyo na nguvu ya sheria, na mabunge ya majimbo ndiyo kabisa, hayana dalili ya kuchoka. Sheria za Ohio zina sura nzima ya mambo haya, ambamo imeandikwa kwamba juisi ya nyanya ndiyo kinywaji rasmi cha jimbo. Sina ugomvi na nyanya.

Ugomvi wangu ni huu: miswada ya wiki inapita bila jasho kwa sababu haigusi senti ya mtu. Hakuna mheshimiwa atakayesimama kupinga tarumbeta za watoto. Wanapiga kura, wanapiga picha na timu iliyoshinda, wanarudi jimboni wakiwa marafiki wa vijana. Halafu tarumbeta anakodi nani? Mimi. Viatu vyeupe vya bendi, glovu, basi la kwenda mashindanoni? Mimi tena, na kama sina, mtoto abaki nyumbani aadhimishe.

Wasomaji wa nyumbani msishangae. Huku shule ya serikali inategemea sana kodi ya majengo ya eneo lake, na wilaya ya shule ikitaka kuongeza kodi lazima iwaulize wapiga kura. Mzee ambaye wajukuu wake wako Florida anaweka kibao cha "Hapana" uani kwake, na huyo kura yake haikosi. Mahakama Kuu ya Ohio ilishasema mwaka 1997 kwamba mfumo huu wa kugharamia shule unakiuka katiba ya jimbo. Ikarudia mwaka 2000. Ikarudia tena 2002. Kwa maamuzi yale, jimbo lilitakiwa liache kuegemea kodi ya majengo. Kodi hiyo hiyo bado inapigiwa kura mitaani kwetu hadi leo.

Kura ikisema hapana, kinachokatwa kwanza hakiwi hisabati. Waulizeni waliokuwa kusini-magharibi mwa jiji hili mwaka 2009. Wilaya ya shule ya South-Western, moja ya wilaya kubwa kabisa za Ohio, yenye shule nne za sekondari, iliomba kodi mpya ikanyimwa. Agosti wakafuta kila kitu: mpira, bendi, kwaya za baada ya masomo, klabu, vyote. Msimu mzima wa vuli viwanja vikalala kimya Ijumaa usiku, na familia nyingine zikahamisha watoto wao. Novemba ikapigwa kura nyingine, kodi ikapita kwa tofauti ndogo, shughuli zikarudi zikiwa na ada mgongoni. Oktoba ya mwaka ule ilikuwapo pia kwenye kalenda. Sijui walisherehekea nini.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi, maana linawahusu watu wetu. Jirani yangu mmoja, mama wa Kikongo aliyeletwa huku kama mkimbizi, ana kijana ambaye mpira unamtii. Siku moja alinibishia hodi na fomu mkononi. "Dada, hii karatasi ni ya kulipa ao ya kusaini tu?" Nikamwambia vyote viwili, mama, na kuna ya daktari pia. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba, na nikajua haitarudi shule. Ndiyo, shule nyingi humsamehe mwenye kipato kidogo, lazima niseme hivyo. Lakini sharti ujue kwamba msamaha upo, ujue Kiingereza cha kuuomba, na uwe na uso wa kusimama mbele ya karani ukajieleza umaskini wako. Yeye kodi ya nyumba analipa kila mwezi, na ndani yake mna kodi ya majengo ya mwenye nyumba. Kupiga kura hawezi mpaka awe raia. Kijana sasa anacheza jioni kwenye maegesho ya magari ya nyumba zetu, na magoli yake ni ndoo mbili za rangi.

Mkinitaka nioneshe sheria ya michezo ya shule yenye meno, ipo. Ya mwaka 1972, ile wanayoiita Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Mwaka wa masomo 1971–72 wasichana waliocheza michezo ya sekondari Marekani nzima hawakufika laki tatu, wakati wavulana walizidi milioni tatu na nusu. Leo wasichana wamevuka milioni tatu. Hawakupewa wiki ya kuwapongeza kwa uvumilivu. Shule ziliambiwa fedha ya serikali mnayoitaka ina masharti, na uwanja ukapatikana.

Haya, nikubali kwa shingo upande: wiki si bure kabisa. Mwalimu wa bendi, anayebaki na watoto hadi giza kwa posho ya aibu, alipigiwa makofi mwaka huu na nilimwona amefurahi. Angestahili na nyongeza.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa zamu kwenye kibanda cha wazazi, namwagia jibini ya moto juu ya chipsi za mahindi, kwa kuwa wazazi wa bendi ndio tunaochangisha fedha ya bendi. Pembeni yangu baba mmoja alikuwa amevaa fulana yenye jina la ghala analofanyia kazi, ametoka zamu anasinzia wima. Kipaza sauti kikatangaza shukrani kwa viongozi waliotupatia wiki hii adhimu. Yule baba akaniuliza, "Wametupatia nini?" Nikamwambia wiki. Akarudi kwenye bisi zake.

Waheshimiwa wakinihitaji kutoa maoni mbele ya kamati yao, nitaenda na kifungu kimoja tu: hakuna mtoto wa shule ya serikali atakayetozwa ada ya kushiriki, na jimbo litafidia shule. Waone kama kitapita kwa kauli moja na picha.

Wakati tukisubiri hayo, ninyi mlioapishwa uraia hapa Ohio, najua wengi wenu mnapiga kura ya rais na kuondoka. Kodi ya shule huandikwa mwisho kabisa wa karatasi, baada ya majaji msiowajua. Shukeni hadi huko chini, na pale kwenye mstari wa shule mtie alama.