Umoja wa wakazi wakati wa mlipuko: nani anapitisha kanuni, nani anazilipia

Corona ilipotangazwa kuingia nchini tarehe 16 Machi 2020, shule zilifungwa kesho yake na vyuo vikafuata. Lakini Serikali haikuwafungia wananchi wote ndani. Masoko yaliendelea, daladala zikatembea kwa kujaza siti bila wa kusimama. Kwa hiyo kamati ya wakazi iliyoamua kufunga geti lake wakati ule, mahali popote jijini Mwanza, haikuwa ikitekeleza amri ya mtu. Ilijiamulia. Tangu hapo Kagera, jirani zetu wa ziwa, wamepata Marburg mara mbili, mwaka 2023 na 2025, na kipindupindu hakijawahi kuaga ukanda huu moja kwa moja. Swali la kamati ifanye nini, na iishie wapi, halijazeeka.

Umoja wa wakazi wenyewe ni vitu vingi. Upo uliosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, wenye katiba, mhuri na akaunti ya benki. Upo ulioanza kama kundi la ulinzi baada ya nyumba mbili tatu kuvunjwa, ukapata mweka hazina kwa sababu pesa ya mlinzi lazima ikae kwa mtu. Kwenye ghorofa zenye hati za sehemu za jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, chama cha wamiliki kina nguvu ya kisheria juu ya ngazi, paa na matangi ya pamoja. Nje ya hapo nguvu ya kamati ni makubaliano tu. Haiwezi kumweka mtu karantini. Hiyo ni kazi ya maofisa wa afya chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Haiwezi kuziba barabara ya umma hata kama wakazi ndio waliochanga kuichonga, kwani barabara za mitaa ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini. Na geti lililofungwa kwa mnyororo, ufunguo ukiwa kwa mwenyekiti aliyelala, ni hatari kubwa kuliko ugonjwa siku moto utakapowaka au mama mjamzito atakaposhikwa na uchungu usiku.

Wanaotaka kamati yenye meno wana hoja nzito hata hivyo. Ofisa afya wa kata anahudumia maelfu ya watu. Kamati ndiyo inayojua nani ana kisukari, mzee yupi anaishi peke yake, nyumba ipi tangi lake limepasuka. Huku kwetu kujisimamia si jambo geni: sungusungu ilizaliwa Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980, wanavijiji walipoona wizi umewazidi na dola iko mbali. Mtaa ukikaa ukingoja waraka kutoka Dodoma, ugonjwa hautangoja nao. Ila sungusungu hiyohiyo inakumbukwa pia kwa kuhukumu watu bila kuwasikiliza na kuwatenga kwa tetesi. Anayeitaja kama mfano aitaje yote.

Tuanze na geti, maana pesa na makelele mengi huishia pale. Kamati hununua kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, huweka daftari la wageni, humkabidhi mlinzi. Kipimajoto kile hushikwa sentimita 3 hadi 5 kutoka usoni, kivulini, mtu akiwa ametulia dakika kadhaa. Aliyeshuka kwenye boda saa saba mchana, paji limepigwa na jua tangu Buzuruga, atasoma juu. Aliyejifuta jasho muda huohuo atasoma chini. Na wengi wenye corona hawana homa kabisa katika siku wanazoambukiza zaidi. Daftari nalo lina kalamu moja, watu watano wamebanana kwenye dirisha la kibanda wakingoja zamu ya kuandika, na mlinzi yumo ndani hana hata tundu la pili la hewa. Kama kuna mahali mtaa mzima unapumuliana, basi ni hapo palipowekwa ulinzi wa kuzuia watu wasipumuliane.

Daftari lenyewe si upuuzi. Mgonjwa akipatikana, ofisa afya atataka kujua nani aliingia nyumba ipi na saa ngapi. Safu nne zinatosha: jina, simu, nyumba, saa. Aandike mlinzi, mgeni asimame nje hatua mbili na kujitaja. Kurasa zitunzwe siku 21, ambazo ndizo siku nyingi zaidi Marburg inaweza kujificha mwilini kabla ya dalili. Kwa corona 14 zinatosha. Zikipita, zichomwe. Daftari la miezi sita lililoachwa mezani halimlindi mtu, ila linawapa wambea kazi.

Kasoro kubwa ya geti iko kwenye bili. Kanuni ya "hakuna kuingia" hupitishwa na wenye nyumba kwenye kikao cha wenye nyumba. Humfikia dada wa kazi anayetoka Igogo au Mabatini kila asubuhi, mama wa matembele na dagaa, fundi bomba, kijana wa boda. Dada ataambiwa achague: ahamie kwa bosi bila siku ya mapumziko, au abaki kwake bila mshahara. Wakati huohuo bosi anatoka kwenda ofisini, Rock City Mall na kanisani, anarudi na gari, geti linafunguliwa kwa salute. Virusi haviulizi umekuja na gari au kwa miguu. Kwa maoni yetu katazo la namna hii likubaliwe kwa sharti moja tu: azimio lenyewe liseme mshahara wa aliyezuiwa unaendelea, na nani anaulipa. Kamati ikishindwa kuandika sentensi hiyo, ifute na katazo. Kwa wauza mboga na samaki ipo njia rahisi kuliko kuwafukuza, nayo ni meza ya kivulini nje ya geti, oda kwa simu, malipo kwa simu, kila mtu afuate mfuko wake.

Kosa la pili ni kuwa na kifurushi kimoja cha kanuni kwa kila ugonjwa. Corona husafiri kwa hewa, hivyo kinachosaidia ni madirisha wazi, kukutana nje na barakoa. Marburg husafiri kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, hivyo hatari iko kwenye kuuguza na kuzika. Kipindupindu hupita kwa maji na choo, na geti halikizuii hata kwa nusu saa.

Kwa ufukwe wa ziwa hiki cha mwisho ndicho kinachorudi mara kwa mara, na hapa ndipo kamati inaweza kufanya kazi ya maana kuliko zote. Mwanza imekaa juu ya mawe. Nyumba za mlimani hupata maji ya bomba kwa mgawo pale msukumo unapopungua, hata baada ya chanzo cha Butimba kuongezwa, kwa hiyo karibu kila nyumba yenye uwezo ina simtanki, na isiyo nalo ina madumu. Maji yaliyotoka bombani yakiwa salama huharibika humo ndani: mfuniko uliopasuka, kopo linalochotea likiwekwa sakafuni, bomba la kujazia likiburuzwa kwenye mtaro. Tangi lisafishwe kwanza, litolewe tope la chini. Kisha kwa lita 2,000 za maji maangavu, pima unga wa klorini wa asilimia 70 kijiko kimoja cha chai kilichojaa kidogo, yaani gramu 5 hadi 6. Usiumwage tangini mkavu. Ukoroge kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, uache utuame, umimine yale maji ya juu tu, mashapo uyaache. Subiri nusu saa. Mwenye dumu atumie kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20, naye asubiri dakika 30. Maji ya kuchota ziwani yenye ukijani au tope yachujwe kwa kitambaa safi na kutuamishwa kwanza, kwa sababu klorini huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa mdudu. Kuhara kukianza, pakiti moja ya chumvi ya ORS kwa lita moja ya maji safi, na safari ya zahanati ianze bila kungoja kikao.

Wapo wanaoona kamati inapaswa "kupiga dawa" mtaa mzima, na picha za watu wenye mabomba mgongoni huvutia wachangiaji. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwezi Mei 2020: kunyunyizia barabara hakusaidii, na kumnyunyizia mtu klorini ni kumdhuru. Pesa hiyo inunue jiki na sabuni. Jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji, inatosha vitasa, reli za ngazi na bomba la ndoo ya kunawia. Penye damu au matapishi ni kikombe kimoja kwa sita. Ichanganywe kila asubuhi, kwani ya jana iliyokaa juani imebaki harufu. Isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia choo yenye tindikali. Hewa inayotoka hapo hukaba mapafu.

Msiba ndio mtihani wa kweli. Umoja mwingi huku ulianza kwa ajili ya kuzikana, na kamati inayomwambia mfiwa apunguze watu inagusa mshipa. Upande mmoja unasema mtu asiyezikwa na watu amezikwa kama mzigo. Upande wa pili unataja turubai moja, watu mia wameketi usiku kucha, beseni moja la kunawa kabla ya chakula. Pande zote mbili zina haki yake, na nafasi ya katikati ni pana kuliko inavyosemwa. Turubai liachwe bila pazia za pembeni. Beseni liondolewe, ziwekwe ndoo mbili za bomba na mtu wa kuzijaza, kwa kuwa ndoo tupu yenye sabuni juu ni pambo. Chakula kipakuliwe na wawili badala ya kila mtu kuchota sufuriani. Rambirambi zitumwe kwa simu kwa namba ya mweka hazina na majina yasomwe kaburini, ili asiyekuja asionekane kususa. Ikiwa kifo kinashukiwa kuwa cha Marburg, hapo hakuna mjadala: hakuna kuosha maiti nyumbani, ofisa afya ndiye anayesimamia maziko.

Kwenye pesa, huruma ya haraka huleta hasara. Tuseme mtaa una nyumba 40, kila moja inachanga shilingi 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni 600,000. Walinzi wawili kwa 200,000 kila mmoja na takataka 120,000 huacha 80,000 ya taa na dharura. Biashara zikilala, nyumba 12 zikashindwa kulipa, pengo ni 180,000. Kamati inayotaka sifa itapunguza mchango wa wote kwa nusu, makusanyo yawe 300,000, na mwezi wa pili mlinzi haonekani. Wasioyumba wangelipa bila shida. Wamepewa punguzo wasiloliomba. Heri kuahirisha kwa anayeomba, ajue mwenyekiti na mweka hazina tu, faini isitishwe, deni ligawanywe miezi sita baadaye. Ubaya wa njia hii ni kwamba anayeomba lazima ajieleze, na si kila mtu anaweza. Usiri ukivuja mara moja, hakuna atakayeomba tena.

Usiri huohuo unahusu wagonjwa. Kutangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nyumba namba fulani ina corona kunaonekana kama kulinda wengine, lakini matokeo yake yanajulikana: atakayefuata ataficha, atapiga nyungu kimyakimya hadi azidiwe. Tangu Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Wajue wawili: anayepeleka chakula na maji hadi mlangoni, na anayepiga simu asubuhi na jioni. Kamati ikiweza, inunue kipimo kimoja cha oksijeni cha kubana kidole na kukizungusha, kikipanguswa kila mara. Kikisoma chini ya asilimia 94 piga simu kwa daktari au 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Chini ya 90 ni dharura, gari litafutwe. Kidole chenye hina au rangi ya kucha hupotosha, kidole baridi pia, na vipimo hivi huweza kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtu anayehema kwa shida apelekwe hata namba ikionekana nzuri.

Limebaki suala la muda. Kamati nyingi huahirisha mkutano mkuu kwa sababu ya ugonjwa, halafu hukaa madarakani mwaka wa ziada kwa sababu hiyohiyo. Kila kanuni ya dharura iwe na tarehe ya kufa, siku 30, na isipopigiwa kura upya ife yenyewe bila tangazo. Kura inaweza kupigwa uwanjani watu wakiwa wamesimama mbalimbali, au kwa ujumbe wa simu kwenda kwa wahesabuji wawili wasio wajumbe wa kamati. Kidole gumba kwenye kundi kisihesabiwe, kwa kuwa mtu hukibonyeza hajasoma. Mpangaji apige kura katika mambo haya, maana yeye ndiye anayeishi humo, huku mwenye nyumba akiwa Dar. Walinzi na dada wa kazi hawamo kwenye katiba ya umoja wowote, basi waitwe wawili waseme kabla kura haijaanza, na walichosema kiandikwe kwenye muhtasari. Nakala ya azimio ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa siku hiyohiyo, naye agonge mhuri wa kupokea.