Gayogayo na nyayo: ndugu au wageni?

Mtazame gayogayo, samaki bapa, alivyojilaza kwenye mchanga au tope la chini ya bahari. Jicho moja liko mahali pake. La pili limehama lakini halikumaliza safari. Limekwama ukingoni, utosini kabisa. Kwa nyayo na samaki bapa wengine jicho hilo huvuka lote, na pezi la mgongoni husogea mbele hadi kichwani. La gayogayo huanzia nyuma ya kichwa, tena kwa miiba. Ana mdomo mpana wenye meno makali ya kunasia samaki, na mara nyingine huogelea wima kama kolekole.

Basi, ni ndugu wa nyayo aliyebaki na sura ya wazee wao, au ni wa ukoo mwingine aliyeanza kulala ubavu kivyake?

Mwaka 2021 watafiti waliosoma jenomu (jumla ya jeni) za samaki hawa waliandika katika jarida la Nature Genetics kwamba ni wa ukoo mwingine: ubapa ulizuka mara mbili. Hoja yao si ya kupuuzwa. Koo za kundi kubwa lenye samaki hawa, kolekole wakiwemo, ziliachana ndani ya muda mfupi mno, hata jeni zenyewe zinapingana: hii inamweka gayogayo hapa, ile inampeleka kule. Lakini jeni zikipingana hivyo, ni rahisi mno hesabu ya undugu kupotoka. Mwaka 2024 jarida hilohilo likachapisha uchambuzi mwingine uliozingatia makosa ya namna hiyo, na gayogayo akarudishwa kwa nyayo.

Mimi naelemea huku, na kinachonivuta hasa ni visukuku. Mwaka 1871 mwanabiolojia St. George Mivart alimpinga Darwin, aliyesema viumbe hubadilika kidogo kidogo, akiuliza jicho lililohama nusu lingemfaa nini samaki. Mwaka 2008 mtafiti wa visukuku Matt Friedman akaeleza Amphistium na Heteronectes, samaki wa kale wa miaka ipatayo milioni 50: walikuwa wamekomaa, na jicho lilikuwa limepanda bila kuvuka. Ukimweka gayogayo kando yao, unaiona njia moja, hatua kwa hatua.

Hata hivyo kufanana si ushahidi kamili wa undugu. Makinda wote wa samaki bapa huanza na jicho kila upande, kisha homoni ya thairodi huanzisha mageuko ya mwili wa kinda, jicho likahama. Ikionekana kwamba jicho la gayogayo husukumwa na jeni tofauti kabisa na zile za nyayo, nitahamia upande wa pili.