Young Frankenstein: kicheko bado kipo, ila si chote

Wapo wanaosema filamu ya kukejeli filamu nyingine hufa pamoja na kile inachokikejeli. Hoja hiyo ina uzito. Young Frankenstein ya Mel Brooks ilitoka 1974 ikizicheka filamu za kutisha za miaka ya 1930 kuhusu Frankenstein, daktari anayeunda jitu kwa viungo vya maiti, ambazo kijana wa leo hajaziona wala hana mpango wa kuziona. Mtazame Inspekta Kemp na mkono wake wa mbao, ambao kila mara inabidi auweke sawa kwa mkono ule mzima. Asiyeijua Son of Frankenstein ya 1939, yenye inspekta wa namna hiyohiyo, atamwona kituko tu. Nusu ya utani imempita.

Sasa mpeleke mtazamaji huyohuyo kwenye kibanda cha kipofu. Tukio hili nalo limechotwa kwenye Bride of Frankenstein ya 1935, ila halidai ujue chochote. Gene Hackman, ndevu zimemfunika hata hatambuliki, analipokea lile jitu kwa furaha ya mtu aliyekaa siku nyingi bila mgeni. Analimwagia supu ya moto mapajani. Wanagonganisha vikombe, cha mgeni kinavunjika kabla hajaonja. Kisha kipofu anataka kumwashia sigara, anawasha kidole gumba! Peter Boyle, anayeigiza jitu, hana mazungumzo hapo, ana miguno na macho tu, nawe unaiona subira ya mgeni mwenye adabu ikimwishia kidogo kidogo. Utani wa hivyo hauhitaji maelezo.

Kuna na suala la sura. Brooks aling'ang'ania rangi nyeusi na nyeupe. Studio ya Columbia ikakataa, akahamia 20th Century Fox. Mitambo ya maabara ni ileile aliyoitengeneza Kenneth Strickfaden kwa ajili ya Frankenstein ya 1931. Kwa hiyo filamu hii ilizaliwa ikiwa mzee, ndiyo maana haizeeki upesi kama vichekesho vingine vya wakati wake. Gene Wilder naye, katika nafasi ya daktari, anaigiza kana kwamba yumo kwenye msiba wa kweli, hakonyezi mtazamaji.

Pale jitu linapomteka Elizabeth, mchumba wa daktari, hapo mimi sicheki. Watetezi husema zama zile ndivyo zilivyokuwa, na kwamba Madeline Kahn, anayemwigiza Elizabeth, ni hodari kupindukia. Hodari ni kweli. Lakini utani wenyewe umesimama juu ya mwanamke aliyetekwa, anayekataa kisha anafurahia. Kusema "zama zile" kunaeleza tukio hilo lilivyoingia kwenye filamu, hakulifanyi lichekeshe.

Hata hivyo, simshauri mtazamaji mgeni aanze na zile za miaka ya 1930 kwanza, kama wapenzi wa sinema wanavyopenda kuagiza. Aanze na hii. Mkono wa Kemp ukimtatiza, ile ya 1939 ipo, ataifuata mwenyewe.